Forester ya 2011: injini ya ndege, gasketi na hadithi zingine za Subaru

*"Habari fundi. Mimi ni mwalimu, familia iko Nakuru lakini wiki nzima niko shule upande wa Kuresoi, wikendi narudi. Mvua ikinyesha hiyo barabara ni matope tupu. Nimepata Subaru Forester ya 2011, haina turbo, jamaa anataka milioni moja na laki moja na anasema iko sawa kabisa. Fundi wangu wa siku zote, ndiye huangalia Fielder yangu, amekataa katakata. Anasema hiyo ni injini ya ndege, huku hakuna mtu anaielewa, itaua gasketi ya hedi mwaka wa kwanza, taiming belti ikikatika nimekwisha, na itakunywa mafuta mpaka niuze. Shemeji yangu naye ako na Forester miaka minne na hataki kusikia gari ingine. Disemba tunaenda nyumbani Kakamega watu watano na mizigo. Ninunue ama niachane nayo?"*

Mwalimu, swali kama hili ndilo naweza kujibu, juu umenipa mwaka, umesema haina turbo, na umeniambia barabara yako ni gani. Mtu akiniuliza tu "Subaru ni gari poa?" namwambia inategemea na anaona namkwepa. Hofu yako ukiichambua si moja, ni nne: ndege, gasketi, belti na mafuta. Fundi wako hakudanganyi. Shida ni kwamba amechukua magonjwa ya Subaru tofauti tofauti akayabandika yote kwa hii moja unayotaka, halafu ule ugonjwa ambao hii yako inaweza kuwa nao kweli hajautaja hata kidogo. Tutafika hapo.

Tuanze na ndege, maana hiyo story iko na ukweli ndani yake. Kampuni kweli ilianza na ndege. Mwaka wa 1917 afisa mmoja aliyetoka jeshi la majini, Chikuhei Nakajima, alifungua karakana huko Ota, mkoa wa Gunma, na ikakua mpaka ikawa kati ya watengenezaji wakubwa wa ndege za kivita Japani. Ile ndege ya Zero watu huona kwa filamu za vita ilikuwa ya Mitsubishi lakini injini yake ilitoka kwa Nakajima. Vita ikaisha 1945, Japani ikakatazwa kutengeneza ndege, kampuni ikavunjwa vipande vipande, na wale mainjinia wakabaki wanaunda chochote kitakachouzika, hadi skuta. Mwaka wa 1953 kampuni tano zilizotokana na hiyo kuvunjwa zikaungana tena kuwa Fuji Heavy Industries, ndio maana kwa nembo kuna nyota moja kubwa na tano ndogo, ni Kilimia hiyo, na Subaru ndilo jina la Kilimia kwa Kijapani. Gari ndogo ya Subaru 360 ikatoka 1958. Hilo jina la Subaru lilikuwa la magari tu, kampuni yenyewe imeanza kuitwa hivyo 2017.

Lakini injini ya Forester haijatoka kwa hizo ndege. Za Nakajima zilikuwa zimepangwa silinda kwa duara kuzunguka shafti. Hii yako inaitwa boksa, silinda nne zimelala, mbili kushoto mbili kulia, na pistoni zinatupa ngumi kama mabondia wawili wanaoangaliana. Waliianza na Subaru 1000 mwaka wa 1966. Faida yake ni kwamba uzito unakaa chini, kwa hivyo gari haiyumbi sana kwa kona, na injini na giaboksi zimepangwa mstari mmoja katikati ya gari, kwa hivyo kupeleka shafti hadi magurudumu ya nyuma inakuwa kazi rahisi. Sasa skiza hii, juu inakuhusu. Kulikuwa na kampuni ya stima huko Tohoku, kaskazini mwa Japani kwenye theluji nyingi, ilitaka gari ya kupeleka watu wake milimani kufanya kazi lakini si jipu la baridi na kelele, ilitaka gari ya kawaida inayopita mahali gari ya kawaida haipiti. Subaru wakawaundia, na kufikia 1972 wakawa wanauza Leone staisheni wagoni yenye kuvuta magurudumu yote manne. Forester yenyewe ilikuja 1997 lakini wazo ni hilo hilo. Mtu ambaye amepita Kuresoi mwezi wa nne hahitaji kuelezewa zaidi.

Na kabla uulize, juu najua itafuata: hapana, Subaru si ya Toyota. Toyota iko na hisa, kama asilimia 20 hivi, na wameunda gari kadhaa pamoja, basi.

Mapenzi ya Wakenya kwa hizi gari yalikuja na Safari Rally. Mwaka wa 1993 Patrick Njiru aliingia na Vivio, kigari cha cc 660 ambacho ukikiona leo utadhani ni cha kupeleka mayai sokoni, akamaliza, wakati Colin McRae na Vivio kama hiyo alibaki njiani. Mwaka wa 1997 McRae huyo huyo akarudi akashinda Safari na Impreza. Hapo kila kijana akataka Subaru, na hapo pia ndio jina liliharibika. Zile za turbo zilinunuliwa zikiwa zimetumika, zikakatwa egzosi, zikaongezwa nguvu na mtu wa laptop, zikakimbizwa usiku kucha Naivasha na kurudi, na zilipolipuka injini lawama ikaenda kwa Subaru zote. Hata ule mngurumo watu hupenda si nguvu, ni mabomba ya egzosi hayana urefu sawa kila upande. Forester yako haitanguruma hivyo. Ni gari ya mwalimu tu.

Sasa injini yenyewe, na hapa naomba usome polepole. Hiyo Forester ya umbo lako watu huiita SH5, ilitengenezwa kutoka mwisho wa 2007 hadi 2012. Katikati hapo, mwisho wa 2010, zile zisizo na turbo zilibadilishwa injini. Za kabla ziko na EJ20, ya zamani, inatumia taiming belti ya mpira inayofaa kubadilishwa kila kilomita 100,000. Za baada ziko na FB20, na hiyo inatumia cheni. Cheni haibadilishwi kama belti. Kwa hivyo kama gari ni ya 2011 kweli na haina turbo, ile hotuba ya belti kukatika haikuhusu. Ikiwa karatasi inasema 2011 lakini ndani kuna EJ, basi kuna mtu alibadilisha injini ama mwaka si ule umeambiwa, na hayo ni maswali ya kumuuliza muuzaji akiwa amesimama mbele yako. Kujua ni rahisi, fungua boneti utafute filta ya oili: kwa FB iko juu, unaiona ukiwa umesimama. Kwa EJ iko chini ya injini, mpaka uingie chini ya gari.

Gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya hedi na bloku ya injini, nayo ni hadithi ya kweli lakini ya gari nyingine. Waliolia sana ni Wamarekani, na injini iliyowaliza ni EJ25, ile ya cc 2,500. Kwa boksa hedi ziko ubavuni, kwa hivyo oili na maji hukaa yakilalia ukingo wa chini wa gasketi wakati wote, na gasketi za aina ile ya miaka hiyo zilikuwa zinachoka na kuanza kuvuja polepole kwa nje. Nyingi zilizokuja Kenya ni za cc 2,000, na hizo ninazoona zimeua gasketi karibu zote zilipasha moto kwanza. Yaani gasketi haikuanza, ilimalizia. Radieta ilivuja, mwenyewe akaongeza maji ya mfereji, akaongeza tena, akashauriwa atoe themostati, ile valvu inayodhibiti joto la injini, "injini ipumue", na siku moja kwa mlima sindano ikapanda. Hii ya kutoa themostati naomba ife. Ukiitoa, gari ya Molo na Kuresoi asubuhi na ile baridi haifiki joto lake, kompyuta inadhani injini bado haijaamka inaendelea kumwaga petroli nyingi, unakunywa mafuta na unajaza masizi ndani, halafu unalaumu Subaru. Weka kulanti (maji ya dawa ya kupoza injini) inayofaa, weka themostati orijino, na mtu akibadilisha kulanti ahakikishe ametoa hewa yote, juu boksa hupenda kuficha hewa na hiyo hewa ndiyo hupasha moto baada ya siku mbili.

Sasa ule ugonjwa hukuambiwa. FB za miaka ya kwanza, zingine si zote, hula oili. Huko Marekani ilifika hadi kortini. Inaenda hivi: ili gari itumie petroli kidogo, ringi za pistoni zilifanywa laini zisisugue sana silinda, na oili ikafanywa nyepesi, 0W-20. Ikiwa mwenye gari anabadilisha oili kwa wakati, ringi inabaki safi na mambo yanaenda. Ikiwa anapitisha, ama ananunua oili ya kupimiwa kutoka kwa dramu, masizi inashika ile ringi ya kufuta oili, inakwama kwa mtaro wake, na kutoka siku hiyo kila pistoni ikishuka inaacha oili kidogo nyuma inachomeka. Huoni moshi mwingi. Huoni kitu chini ya gari. Inaisha tu kimya kimya. Injini inabeba karibu lita 5, na mtu aliyezoea Fielder, ambaye hufungua boneti siku ya servisi peke yake, anaweza kubaki na lita 3 bila kujua. Halafu anapanda Timboroa amejaza watu, oili kidogo iliyobaki inachemka na kuwa maji, beringi za kraki zinakosa oili, injini inanoki. Hapo ndio unaskia "Subaru imekufa ghafla". Haikufa ghafla, ilikuwa inakufa miezi mitatu.

Na usingojee taa nyekundu ya oili. Hiyo taa inasoma presha, si kiwango, ikiwaka madhara yashaanza.

Kwa hivyo kijiti cha oili ndio rafiki yako, kila wikendi ukirudi Nakuru, gari ikiwa imelala na iko mahali tambarare. Ikipunguza nusu lita ama lita moja kati ya servisi na servisi ya kilomita 5,000, mimi naishi nayo, naongeza na naendelea. Ikimaliza lita kila kilomita 1,500 hiyo ni kufungua injini, na ukijua hivyo kabla ya kununua unaachana nayo bila kuomboleza. Kitu kingine, kuna fundi atakuambia weka 20W-50 "iache kula". Usikubali. FB iko na mfumo wa kubadilisha muda wa valvu unaoendeshwa na presha ya oili kupitia vitundu vidogo sana, na oili nzito ya hivyo inachelewa kufika, hasa asubuhi ya baridi. Ukitaka nzito kidogo kwa sababu maileji imeenda, 5W-30 nzuri inatosha.

Kitu cha pili ambacho hakuna mtu amekuambia ni tairi, na hii ndiyo naona ikiwamaliza watu waliotoka kwa Toyota ya kuvuta mbele. Kwa Fielder unaweza nunua tairi mbili mpya mwezi huu na mbili mwaka ujao. Forester inavuta zote nne wakati wote, na ndani ya giaboksi kuna klachi ya sahani inayogawa nguvu mbele na nyuma. Tairi iliyoisha ni ndogo kuliko mpya, kwa hivyo inazunguka mara nyingi zaidi kwa kilomita ile ile, na hiyo klachi inajaribu kusawazisha tofauti kila dakika uko barabarani, inapata moto, inaisha. Tofauti ya milimita moja hivi ya kina cha kashata tayari ni nyingi. Kwa hivyo ni tairi nne, saizi moja, aina moja, zinazeeka pamoja, unazungusha mbele na nyuma mara kwa mara. Ukipasuliwa moja huko Keringet na zingine zimeisha nusu, ni uchungu wa mfuko, sikufichi. Kununua moja ya mtumba inayokaribiana na hizo tatu ni afadhali kuliko mpya moja.

Mafuta sasa. Hapa fundi wako ako na haki zaidi kuliko kwingine kote. Forester ya 2.0 barabara kuu ukiwa mpole itakupa kilomita 10 hadi 12 kwa lita, mjini na msongamano 7 ama 8, na Fielder yako ya 1.5 unajua inafika 14, 15 bila shida. Gari ni nzito, inazungusha magurudumu manne, na giaboksi ya SH5 ni otomatiki ya gia nne tu kwa hivyo kwa spidi ya barabara kuu injini iko juu kidogo. Huo ndio ukweli na hakuna kifaa cha kuzungushia waya kitabadilisha. Upande mwingine, hiyo gia nne ni ya zamani, ngumu, na mafundi wanaielewa, tofauti na Forester iliyofuata, SJ5, yenye giaboksi ya CVT, ile isiyo na gia za kawaida, ambayo ikiwekwa oili isiyo yake unalia. Ungekuwa unakaa mjini Nakuru, kazi Section 58 na kanisa Milimani, ningekuambia baki na Fielder yako na usinunue matatizo. Lakini unaenda Kuresoi kila wiki na Disemba unabeba watu watano kupita Mau Summit, Kericho na Kisumu hadi Kakamega. Hapo hiyo gari inafanya kazi iliyoundiwa.

Wenye Forester ninaowaona wanasema karibu kitu kimoja: wanasifu ilivyokaa barabarani mvua ikinyesha, nafasi, kuona vizuri kwa dirisha zile kubwa, na wanalalamika petroli, beringi za gurudumu la nyuma, bushi za mbele kwa barabara zetu, na bei ya leba, juu hata kubadilisha plagi ni kazi, zinaangalia ubavuni mpaka utoe betri na boksi ya filta ya hewa ndio mkono upite. Spea zenyewe hapa Nakuru ziko tele. Kinachokosekana ni fundi mvumilivu. Wale wanaochukia Subaru kabisa, ukiwauliza vizuri utakuta wengi walinunua ya turbo iliyochoka, ama waliihudumia kama Fielder.

Ukienda kuiona, mwambie muuzaji asiiwashe kabla ufike, na uguse boneti uhakikishe ni baridi. Ikiwa imepashwa joto kabla, kuna kitu anaficha. Chomoa kijiti cha oili ukiangalia kiwango na rangi, fungua kifuniko cha radieta (baridi, tafadhali) uone kama ni kulanti ama ni maji yenye kutu ama kuna mafuta yanaelea. Washa na usikilize sekunde za kwanza: kelele kidogo ya cheni ikitulia haraka si neno, kugonga kunakoendelea kukifuata mwendo wa injini ni neno. Angalia tairi zote nne kama ni ndugu. Halafu mahali pana, piga usukani mpaka mwisho na uzunguke polepole kwa duara, kushoto na kulia, gari ikisita na kuruka ruka kama inakanyagiwa breki, ile klachi niliyosema imeanza kushika na hiyo ni sababu ya kupunguza bei sana ama kwenda nyumbani. Mwisho ipeleke mlima. Kutoka Salgaa hadi Sachangwan ni kupanda tu, kaa nyuma ya lori kidogo halafu uovateki, uangalie sindano ya joto. Inafaa isimame mahali pamoja, isicheze. Ukifika juu simama, iache ikiguruma kwa dakika kadhaa, uone kama kuna mapovu kwa chupa ya akiba ya kulanti. Mapovu yasiyoisha ni gesi ya silinda inapita kwa gasketi, na hapo haina mjadala.

Karatasi usizisahau. Tafuta rekodi za gari kwa NTSA, mamlaka ya usafiri, ujue jina ni la nani na kama kuna mkopo umeshikilia logibuku, na namba ya chesisi inaweza kukupatia karatasi ya mnada ya Japani, ambayo inaonyesha maileji ilivyokuwa ikitoka huko. Ikiwa Japani ilikuwa 110,000 na leo dashibodi inasoma 95,000, unajua unaongea na mtu wa aina gani.

Hayo unaweza kufanya mwenyewe. Lakini kuna mawili siwezi kukufanyia kutoka hapa na wewe huwezi kwa macho: kupima kompresheni (nguvu ya kubana hewa) ya silinda zote nne na kusoma kompyuta ya gari. Kompresheni ziwe zinakaribiana, moja ikiwa chini sana kuliko zingine usinunue hata kama ameshuka hadi laki nane. Lipia hiyo kazi, ni pesa kidogo ukilinganisha na injini. Na ukishanunua, siku sindano ya joto ipande, ama taa nyekundu ya oili iwake, ama uanze kuskia kugonga kutoka chini, zima gari hapo hapo ulipo, hata kama ni Londiani saa mbili usiku na watoto wamelala nyuma. Usijaribu kufika kituo kinachofuata. Ita breakdown.

Nikiwa wewe, na ikipita mlima, duara na kompresheni, ningenunua, nikianza kuongea na laki tisa na nusu. Servisi ya kwanza ningefanya siku hiyo hiyo, oili, filta, kulanti na oili ya giaboksi, hata muuzaji akiapa alifanya juzi. Fundi wako wa Fielder usimtupe, aendelee na Fielder. Muulize shemeji anapeleka yake wapi, miaka minne si kidogo, na umwombe huyo fundi ndiye aje na kipimo cha kompresheni siku ya kuiona.